Sura ya 6: Jimbo Nalo Litahiniwe

Katika jimbo la California, kijana anaweza kumaliza sekondari ya serikali, akavaa joho, akapigiwa vigelegele na ukoo mzima, akakabidhiwa cheti halali cha kuhitimu, na bado asiwe na sifa za kawaida za kuomba nafasi katika chuo kikuu cha umma cha jimbo hilohilo. Masharti yote aliyowekewa ameyatimiza. Kilichomponza ni kwamba wanaoamua nani amehitimu ni watu wengine, na wanaoamua nani aingie chuo kikuu ni watu wengine, na vikao vyao havikukutana.

Hesabu yenyewe ni hii. Sheria ya California inadai kozi 13 za mwaka mzima: Kiingereza miaka 3, historia na elimu ya jamii miaka 3, hisabati miaka 2, sayansi miaka 2, elimu ya viungo miaka 2, na mwaka 1 wa sanaa, lugha ya kigeni au ufundi. Wilaya ya shule ikitaka inaweza kuongeza. Lakini mifumo miwili ya vyuo vikuu vya umma, University of California na California State University, inataka kozi 15, na orodha yake ni tofauti: Kiingereza miaka 4, hisabati miaka 3, lugha ya kigeni miaka 2, na kadhalika, kila kozi ikiwa na alama C au zaidi. Kwenye cheti cha kuhitimu, D kwa kawaida inakubalika. Binti aliyesoma hisabati miaka 2 na michezo miaka 2 amelitii jimbo barabara. Anapofika darasa la 12 ndipo anapoambiwa kwamba mwaka mmoja wa hisabati umepungua, na muda wa kuurudisha umekwisha.

Los Angeles, wilaya ya shule iliyo kubwa kuliko zote California, ilijaribu kuziba pengo hilo. Mwaka 2005 bodi yake iliamua kwamba orodha ya vyuo vikuu ndiyo iwe orodha ya kuhitimu kwa kila mwanafunzi. Ulikuwa uamuzi wa heshima. Muda wa kuutekeleza ulipowadia, ikaonekana kwamba maelfu ya vijana wangekosa cheti, na mwaka 2015 bodi ikalegeza sharti: kozi zilezile, lakini D inatosha. Kwa hiyo mwanafunzi wa Los Angeles akapitia kozi zote ambazo chuo kikuu kinazitaka, kwa alama ambazo chuo kikuu hakizipokei. Naona kisa hiki kimebeba suala zima la sura hii. Serikali inapotoa cheti inatoa ahadi, na wahenga walishasema ahadi ni deni. Swali ni nani anayelilipa deni hilo pale cheti kinapokataliwa. Mpaka leo, Marekani, analilipa mtoto.

Msomaji wa Afrika Mashariki amelelewa katika utaratibu mwingine kabisa. Tanzania ina Baraza la Mitihani tangu 1973, Kenya ina lake tangu 1980. Mtoto wa Kigoma na mtoto wa Mtwara hufungua karatasi ileile asubuhi ileile, na matokeo yao hupimwa kwa kipimo kimoja. Utaratibu huo una ukali wake na majeraha yake, lakini walau kila mtu anajua cheti kinasema nini. Marekani haina baraza kama hilo. Katiba ya nchi haitaji elimu hata mara moja, na marekebisho yake ya kumi yanaacha kwa majimbo kila mamlaka ambayo serikali kuu haikukabidhiwa. Mwaka 1973, katika kesi iliyotoka San Antonio, Texas, Mahakama ya Juu iliamua kwamba elimu si haki ya msingi chini ya Katiba hiyo. Matokeo yake ni majimbo 50 yenye sheria 50 za kuhitimu, na chini yake wilaya za shule zipatazo 13,000, nyingi zikiwa na masharti yake ya nyongeza.

Ajabu ni kwamba kipimo kilichoenea nchi nzima kuliko sheria yoyote hakikutungwa na serikali wala na walimu wa sekondari. Kilitokana na pensheni. Mwaka 1905 tajiri wa chuma Andrew Carnegie alitoa dola milioni 10 ili maprofesa wa vyuo wapate malipo ya uzeeni. Waliokabidhiwa fedha hizo walilazimika kuamua chuo halisi ni kipi, kwa kuwa siku hizo shule nyingi za kawaida zilijiita vyuo. Wakaamua kwamba chuo halisi ni kile kinachodai mwombaji awe amekamilisha vipimo 14 vya masomo ya sekondari, na kipimo kimoja kikahesabiwa kuwa takriban saa 120 za kukaa darasani katika somo moja kwa mwaka. Vyuo vilitaka pensheni, vikakubali. Sekondari zilitaka wanafunzi wao wapokelewe vyuoni, zikakubali. Zaidi ya karne moja imepita na kijana wa Marekani bado anahitimu kwa kuhesabiwa krediti ambazo mzizi wake ni saa za kukaa kwenye kiti. Saa 120 hazisemi kama mtoto alielewa kitu. Zinasema alikuwepo, na wakati mwingine hata hilo si kweli, kama tutakavyoona.

Baadhi ya majimbo yamejaribu kuachana na saa hizo. New Hampshire, mwaka 2005, iliagiza krediti itolewe kwa umahiri uliothibitishwa. Maine ilipitisha mwaka 2012 sheria ya kuhitimu kwa umahiri, ikaifanya ya hiari mwaka 2018 baada ya wazazi na walimu kulalamika kwamba hakuna aliyekuwa ameelewa umahiri utapimwaje. Maine haikukosa nia. Ilikosa maandalizi, na jambo hilo linatupeleka Florida, ambako ukosefu wa maandalizi ulifikishwa mahakamani.

Miaka ya 1970 waajiri na magazeti ya Marekani walipiga kelele kwamba vijana wanahitimu bila kujua kusoma fomu ya kazi. Bunge la Florida likajibu. Sheria ya 1976 ilianzisha uwajibikaji wa shule, na marekebisho ya 1978 yakaongeza kwamba asiyefaulu mtihani wa jimbo wa stadi za maisha, yaani kusoma, kuandika na kufanya hesabu za matumizi ya kila siku, hatapata cheti cha kuhitimu. Atapewa karatasi nyingine inayosema kwamba alimaliza. Tofauti ya karatasi hizo mbili ilikuwa kubwa: kwa ile ya pili, milango ya vyuo vikuu vya jimbo na ya ajira nyingi ilifungwa.

Mtihani ulipofanywa mara ya kwanza, msimu wa vuli wa 1977, asilimia 78 ya wanafunzi Weusi walifeli sehemu moja au zote mbili. Kwa Wazungu ilikuwa asilimia 25. Baada ya mtihani kufanywa mara tatu kwa jumla, darasa lililotarajiwa kuhitimu 1979 lilikuwa hivi: takriban asilimia 2 ya Wazungu bado hawajafaulu, na asilimia 20 ya Weusi. Mara kumi. Mtu mvivu wa kufikiri angesema mtihani ulikuwa mmoja na watoto ndio walitofautiana.

Familia za Tampa zilikwenda mahakamani. Kesi inajulikana kwa jina la mwanafunzi mmoja ambaye jina lake la ukoo lilifichwa, Debra P., dhidi ya Ralph Turlington, kamishna wa elimu wa jimbo. Jaji George Carr alifanya jambo ambalo wabunge hawakulifanya: alihesabu miaka nyuma. Vijana wa darasa la 12 mwaka 1979 walianza darasa la kwanza mwishoni mwa miaka ya 1960, na Florida haikumaliza kuunganisha shule za Weusi na za Wazungu mpaka 1971. Wale Weusi waliokuwa wanasubiri cheti walijifunzia kusoma katika shule ambazo jimbo lenyewe lilizitenga na kuzinyima, na sasa jimbo hilohilo linawaadhibu kwa kutojua kusoma vizuri. Tena taarifa ya mtihani iliwafikia wakiwa wamekwisha fika sekondari, hawana muda wa kufidia. Julai 1979 Carr aliamua kwamba Florida inaweza kuendelea kupima, lakini haiwezi kumnyima mtu cheti kwa mtihani huo mpaka mwaka wa shule wa 1982–83, pale watakapohitimu vijana ambao hawakuwahi kusoma katika shule za ubaguzi.

Mahakama ya rufaa ilikwenda mbali zaidi mwaka 1981. Ilisema haki ya mtoto kutarajia cheti baada ya kuhudhuria na kufaulu masomo yake ni mali inayolindwa na Katiba, na jimbo haliwezi kuipokonya kwa mtihani wa mambo ambayo halikuyafundisha. Kwa hiyo mzigo wa ushahidi ukawekwa mabegani mwa jimbo: lithibitishe kwamba kilichopimwa kilifundishwa darasani. Kuandikwa kwenye mtaala peke yake hakukutosha. Florida ikalazimika kuwahoji walimu wake, kutuma wakaguzi wilayani, na kuwauliza wanafunzi wenyewe kama waliyasoma hayo. Ilipoleta ushahidi, mahakama ikaridhika mwaka 1983, na rufaa ya mwaka uliofuata ikathibitisha. Mtihani ukaanza kazi. Katika miaka hiyo ya kusubiri, shule zikiwa zimelazimishwa kufundisha kile mtihani ulichokuwa unakidai, wanafunzi Weusi waliofaulu waliongezeka sana.

Kwangu hii ndiyo hukumu muhimu kuliko zote katika historia ya vyeti vya Marekani, na inasikitisha kwamba hutajwa zaidi na wanasheria kuliko na walimu. Mahakama haikuwaonea watoto huruma kwa kuwashushia kipimo. Ililitahini jimbo kwanza.

Massachusetts ililielewa somo hilo, au walau ilifanya kana kwamba imelielewa. Juni 1993 mahakama kuu ya jimbo iliamua, katika kesi iliyobeba jina la mwanafunzi wa mji wa Brockton, kwamba jimbo limeshindwa wajibu wake wa kikatiba wa kuwasomesha watoto wa miji maskini. Siku tatu baadaye Gavana William Weld alitia saini sheria ya mageuzi ya elimu. Sheria ilikuwa na pande mbili zinazofungamana: jimbo litamwaga fedha katika shule za miji isiyo na uwezo, na kwa upande wao wanafunzi watapimwa kwa mtihani wa jimbo. Fedha za jimbo kwa shule ziliongezeka zaidi ya maradufu katika muongo uliofuata. Mtihani, unaoitwa MCAS, ulianza 1998, na mwaka huo zaidi ya nusu ya wanafunzi wa darasa la 10 walishindwa hisabati. Hakuna aliyenyimwa cheti. Darasa la kwanza kubanwa na sharti hilo lilikuwa la 2003, miaka kumi baada ya sheria, na wanafunzi wake walipewa nafasi ya kurudia mara kadhaa na mafunzo ya ziada. Mpaka kufikia mahafali, zaidi ya asilimia 90 walikuwa wamefaulu. Florida ilibadili sheria 1978 na kutaka kuwanyima vyeti vijana wa 1979. Tofauti ya mwaka mmoja na miaka kumi ndiyo tofauti ya kumvizia mtoto na kumwandaa.

Huu ulikuwa pia wakati wa mitihani nchi nzima. Ripoti ya tume ya kitaifa ya 1983 ilikuwa imetangaza kwamba taifa liko hatarini kwa udhaifu wa shule zake, na sheria ya shirikisho iliyotiwa saini na Rais George W. Bush Januari 2002 ikafanya upimaji wa kila mwaka kuwa sharti la fedha. Muongo mmoja baadaye karibu nusu ya majimbo yalikuwa na mtihani wa kuhitimu. New York ilikuwa na wake tangu karne ya 19.

Kisha wimbi likarudi baharini. California ndiyo iliyoanguka vibaya zaidi. Mkataba wa kuendesha mtihani wake wa kuhitimu ulimalizika mwaka 2015, kikao cha Julai kikafutwa, na vijana waliokuwa wanausubiri ili wakamilishe cheti wakajikuta hawana mtihani wa kufanya. Bunge likawaokoa kwa sheria ya dharura mwezi Agosti, na Oktoba Gavana Jerry Brown akasaini nyingine iliyosimamisha mtihani na kuagiza vyeti vitolewe hata kwa waliomaliza tangu 2004 ambao kikwazo chao kilikuwa mtihani huo tu. Fikiria mtu wa miaka 27 aliyekosa kazi kwa miaka tisa, sasa anaitwa shuleni kuchukua cheti chake. Nani atamrudishia miaka hiyo? Novemba 2024 ikafuata Massachusetts: wapiga kura, takriban asilimia 59, waliondoa MCAS katika masharti ya kuhitimu. Chama kikubwa cha walimu kiliongoza kampeni. Gavana Maura Healey alipinga. Mwezi huohuo New York ilitangaza ratiba ya kuacha kuwalazimisha wanafunzi kufaulu mitihani yake maarufu ili wahitimu, kuanzia mwaka wa shule wa 2027–28.

Hoja ya waliopiga kura ya kuondoa ilikuwa na uzito. Massachusetts, wanafunzi wapatao 700 kwa mwaka walikuwa wametimiza kila kitu isipokuwa mtihani, na wengi wao walikuwa wenye ulemavu au waliokuwa bado wanajifunza Kiingereza. Hao ni watoto halisi na hasara yao ni halisi. Lakini kura iliondoa kipimo bila kuweka kingine. Sasa wilaya zaidi ya 300 kila moja inathibitisha yenyewe kwamba mwanafunzi amemudu masomo, na ndipo ninapopata hofu, kwa sababu tumeona jijini Washington kinachoweza kutokea shule inapojithibitishia yenyewe.

Mwaka 2017 sekondari moja ya mtaa wa watu wa kipato cha chini jijini humo ilisifiwa kwa sababu kila mwanafunzi wa darasa la mwisho alikuwa amepokelewa chuoni. Waandishi wa habari wakachunguza, na serikali ya jiji ikaagiza ukaguzi wa shule zote za wilaya. Ripoti ya Januari 2018 ilionyesha kwamba kati ya wahitimu 2,758 wa mwaka 2017, 937 walipata cheti kinyume na kanuni, wengine wakiwa wamekosa masomo kwa wiki nyingi, wengine wakiwa wamepitishwa katika kozi za kufidia zilizotolewa ovyo. Walimu walieleza shinikizo la kuwapitisha. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, na hapa aliyelia alikuwa mwana. Kijana anayepewa cheti cha uongo hugundua uongo huo muhula wa kwanza chuoni, akiwa peke yake, akiwa na deni la ada.

Muhula huo wa kwanza una mtego wake. Kwa miaka mingi chuo cha jamii cha Marekani, ambacho mlango wake uko wazi kwa kila mhitimu, kilimpokea kijana na kumpa mtihani mwingine siku za kwanza. Akishindwa alipelekwa masomo ya kufidia: analipa ada kamili, anakaa darasani muhula mzima au zaidi, na krediti haihesabiwi kwenye shahada. Jimbo lilikuwa limemwambia Juni kwamba amehitimu. Septemba taasisi ya jimbo hilohilo inamwambia arudie hesabu za sekondari. Na mtihani huo wa mlangoni haukuwa wa kuaminika. Mwaka 2012 Judith Scott-Clayton wa Chuo Kikuu cha Columbia alichunguza takwimu za mfumo mkubwa wa vyuo vya jamii vya mjini, akakuta kwamba takriban mtahiniwa 1 kati ya 4 katika hisabati, na 1 kati ya 3 katika Kiingereza, alipangwa mahali ambapo hapakumfaa kabisa. Wengi walipelekwa kufidia ilhali wangefaulu kozi ya kawaida.

Sasa tazama kilichopuuzwa muda wote huo: alama za walimu. Elaine Allensworth na Kallie Clark wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwafuatilia zaidi ya vijana 55,000 waliohitimu shule za umma za Chicago kati ya 2006 na 2009. Utafiti wao, uliochapishwa 2020, ulionyesha kwamba wastani wa alama za sekondari ulihusiana na kumaliza chuo mara tano zaidi kuliko mtihani wa kitaifa wa ACT. Alama hizo hukusanywa kwa miaka minne, kutoka kwa walimu wengi, katika siku nzuri na siku mbaya. Zinapima kujua somo, na pia kuamka, kurudi baada ya kufeli, kukamilisha kazi. Chuo kinahitaji hayo yote. California ililisikia hilo: sheria ya 2017 ilivitaka vyuo vya jamii vitumie rekodi ya sekondari kumpangia mwanafunzi kozi, na mwaka huohuo California State University ikaamua kufuta mitihani yake ya kupanga wanafunzi wapya.

Naona kama nasikia pingamizi: umetoka kusema alama za shule za Washington zilikuwa za uongo, sasa unazisifu za Chicago. Ndiyo. Alama ya mwalimu ni ushahidi bora pale tu ambapo kuna mtu wa nje anayeikagua na pale ambapo anayeipokea naye amefungwa nayo. Sheria ya elimu ya shirikisho ya Desemba 2015 inalitaka kila jimbo lithibitishe kwamba viwango vyake vinalingana na masharti ya kuanza kozi zenye krediti katika vyuo vyake vya umma. Kwenye karatasi majimbo yote yametii. Illinois imekwenda hatua moja zaidi ya karatasi, na ndiyo maana nataka tukae nayo kidogo.

Sheria ya Illinois ya 2016 kuhusu utayari wa chuo na kazi iliwaketisha walimu wa sekondari na wa vyuo vya jamii pamoja wakatunga kozi ya hisabati ya mpito, ya darasa la 12, kwa ajili ya mwanafunzi anayeonekana hatakuwa tayari. Kozi hukaguliwa kwa vigezo vya jimbo zima. Anayeifaulu hupata alama maalumu kwenye taarifa yake ya masomo, na kila chuo cha jamii cha umma Illinois kinalazimika kumpokea katika kozi ya hisabati yenye krediti, bila mtihani mwingine na bila kufidia. Chuo hakiwezi kusema hakimjui. Sheria hiyohiyo iliweka uthibitisho wa fani, kama afya, kilimo, uhandisi wa viwandani au ualimu: mwanafunzi awe na mpango wake binafsi, awe amefanya walau saa 60 za kazi chini ya msimamizi, awe ameanza kupata krediti za chuo, na awe tayari kwa Kiingereza na hisabati za chuo. Angalia sharti hilo la mwisho. Anayeelekea kwenye ufundi hajasamehewa hisabati.

Msamaha huo ndio hatari ya mtindo mpya unaoenea. Majimbo mengi yaliyoacha mtihani mmoja yanatoa njia nyingi. Washington, lile jimbo la magharibi, lilipitisha yake 2019: mtihani wa jimbo, au kozi za chuo, au mfululizo wa masomo ya ufundi, au alama zinazomwezesha kijana kuandikishwa jeshini. Indiana iliidhinisha Desemba 2024 cheti kipya chenye mihuri mitatu, ya chuo, ya kazi na ya utumishi, na mwenye muhuri wa juu wa chuo atapokelewa moja kwa moja katika vyuo vikuu vya umma vya jimbo. Ahadi hiyo ya kupokelewa naiunga mkono kwa moyo wote. Lakini nani atamwelekeza mtoto wa darasa la 9 njia ipi? Shule yenye wanafunzi maskini, isiyo na mwalimu wa fizikia, ina njia chache za kumpa, na mihuri itakuwa imesajili tofauti iliyokuwepo tangu mwanzo. Jimbo linalotoa mihuri mitatu lina wajibu wa kuchapisha, shule kwa shule, nani alipata upi na aliishia wapi miaka mitano baadaye.

Suala hili linawagusa watu wetu moja kwa moja. Katika miji kama Louisville na Lexington, Kentucky, Portland ya Maine na Des Moines, Iowa, wapo vijana wanaozungumza Kiswahili waliotoka kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Kakuma au mashariki ya Kongo, wengine wakifika wakiwa na miaka 16 au 17. Asiyekuja na vyeti vya shule alikotoka mara nyingi huanzishwa darasa la 9, huku majimbo mengi yakiweka ukomo wa kusoma sekondari bure kwenye miaka 21. Hapo hesabu ya krediti ni hesabu ya maisha. Karatasi yoyote ya shule ya kambini ina thamani, kwa kuwa wilaya ikikubali inaweza kuigeuza kuwa krediti. Kuna pia muhuri wa lugha mbili, ulioanzia California kwa sheria ya 2011 na kuenea karibu nchi nzima: kijana anayethibitisha umahiri wa Kiingereza na wa lugha nyingine hutambuliwa kwenye cheti chake, na mtihani wa Kiswahili upo. Illinois, vyuo vya umma vinatakiwa kisheria kuuhesabu muhuri huo kama miaka 2 ya lugha ya kigeni ya sekondari. Wazazi wengi hawajawahi kuambiwa kwamba lugha wanayozungumza jikoni inaweza kuandikwa kwenye cheti cha serikali.

Kwa hiyo, mzazi unayemlea mtoto huko, usisubiri darasa la 12. Wiki ya kwanza ya darasa la 9 nenda shuleni, na kama Kiingereza kinakusumbua dai mkalimani, maana shule inapaswa kukupatia bila malipo. Omba karatasi tatu: masharti ya kuhitimu ya jimbo, masharti ya wilaya, na masharti ya kuingia chuo kikuu cha umma cha jimbo hilo. Ziweke pamoja na uulize, mbele ya mshauri wa shule, ni wapi zinatofautiana na mtoto wako atafuata ipi. Mwombe akuandikie jibu, aweke tarehe na sahihi yake. Na kila mwisho wa mwaka rudi na karatasi hiyo mkononi.